Barua Kumi na Tisa za Marehemu

Kaka yangu alifariki Jumanne. Alhamisi, makaburini, mkurugenzi wa zahanati yetu alisema hata kompyuta za marehemu zimetulia kwa heshima, maana tangu afe hakuna iliyolalamika.

Kaka ndiye alikuwa fundi wa kompyuta pale; mimi ni karani wa mafaili. Kila jioni saa kumi na moja programu ilinakili mafaili ya wagonjwa kwenye diski ya pili, kisha ikatuma barua pepe kusema imefaulu au imekwama. Zamani barua hizo zilimfikia mkurugenzi pia. Akachoka nazo; mtu wa vikao vinne kwa siku atapata wapi muda wa habari njema? Akaamuru zitumwe kwenye simu ya fundi peke yake, tena za kukwama tu. Kimya, alisema, ni dalili ya afya. Nasi tunaohudumia mahututi wasioweza kusema neno tukaitikia.

Kabla wiki ya tatu ya msiba haijaisha, seva, kompyuta kuu yenye mafaili yote, ikazimika moja kwa moja. Tukaikimbilia diski ya pili. Faili la mwisho lilikuwa la Jumanne ile. Vipimo vya siku kumi na tisa, dozi, nani hapatani na dawa gani, vyote havikuwepo. Mkurugenzi akaitisha kikao, dawa yake ya kila ugonjwa, na katibu akaandaa ripoti: hasara imetokana na uzembe wa marehemu. Marehemu wana adabu sana. Hawaombi nafasi ya kujitetea.

Nilikwenda kwa wifi yangu, mjane wa kaka. Simu ya mumewe alikuwa bado anaichaji.

"Inalia kila jioni, wifi," akaniambia. "Nilidhani ni watu wa kazini wanatoa pole."

Zilikuwa barua kumi na tisa, zote zikisema neno moja: kazi imekwama, akaunti ya fundi imefungwa. Programu ilikuwa ikiingia kwenye diski kwa akaunti hiyo. Ya kwanza ilikuwa ya Jumatano.

Nikazisoma katika kikao kilichofuata, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mkurugenzi akauliza ni nani aliyeifunga akaunti.

Katibu akakohoa. "Ni wewe, bosi. Ulisema ifungwe hata kabla hatujazika. Kwa usalama."

"Na mbona mimi sikuarifiwa?"

"Uliomba usiarifiwe, mzee," nikamjibu.

Neno uzembe likafutwa mbele yangu. Badala yake wakaandika "changamoto za mawasiliano", ugonjwa ambao haujawahi kumpata mtu mwenye jina.

Siku hizi programu ina akaunti yake yenyewe. Barua huja kila jioni, ikifaulu au ikikwama, kwa mkurugenzi, kwa katibu na kwangu. Wagonjwa wa siku zile kumi na tisa tunawaandika upya wanaporudi. Mpaka jana walikuwa wamerudi sitini na wawili; wamebaki wangapi hakuna ajuaye, maana orodha nayo ilipotea.