Mkono Juu ya Bega la Kendi

Mimi ndiye niliyewasema akina mama wa jumuiya yetu huku ughaibuni, Blacktown, kwamba wanawachagulia watoto wasimamizi wa kipaimara kwa kuangalia gari na zawadi. Mdomo huu! Wiki hiyohiyo Kendi, binti wa rafiki yangu Gakii, mwenye miaka kumi na miwili, akasema hataki msimamizi mwingine ila mimi.

"Because you don't lie, Aunty Mutanu," aliniambia.

Nikaitikia kabla sijafikiri.

Ukweli ni kwamba sijapata kipaimara. Nilipokuwa na umri wake, askofu alifika parokiani kwetu Kitui nikiwa nimelazwa kwa malaria. Katekista alikuwa ameshaandika vyeti vyote siku moja kabla, na kwa huruma akaniletea changu kitandani. Mama alifurahi, akakitia kwenye fremu. Ningesemaje? Askofu aliporudi baada ya miaka minne, nilikuwa nimeshaimarishwa zamani, kwenye karatasi. Krisma, yale mafuta ya askofu, haijagusa paji langu la uso hata tone.

Msimamizi sharti awe amepata kipaimara mwenyewe. Paroko aliomba cheti, nikampa, akakisoma, akanirudishia kwa shukrani. Basi. Nani angejua? Katekista amekufa, na mama pia. Lakini usingizi ulinihama. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, nilimpa bibi mwenye kisukari chai ya mwenzake yenye sukari, na mkuu wa zamu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu vibaya. Kila nilipotaka kumwambia Gakii, alikuwa ananionyesha picha za keki.

Jumapili ikafika. Nilipanda treni kituo cha Rooty Hill nikiwa nimebeba cheti kwenye mkoba, sijui kwa nini. Kanisa lilijaa. Tukapanga mstari kuelekea kwa askofu, kila msimamizi ameweka mkono wa kulia juu ya bega la mtoto wake. Wangu ulimbana mpaka Kendi akageuka kunitazama. Mbele yetu walibaki watoto watano. Halafu wanne. Niliogopa kama mwizi aliyesikia mlango unafunguliwa.

"Kendi," nikamnong'oneza, "cheti changu si cha kweli. Mimi sikupakwa mafuta. Siwezi kukusimamia."

Niliuondoa mkono, nikamfuata paroko aliyesimama pembeni, nikamwambia hivyohivyo. Alifumba macho kidogo, kisha akamwita Gakii aje kumsindikiza mwanawe. Gakii alinipita bila kunitazama.

Nilisimama ukutani nikilia kwa aibu, watu wakidhani ni furaha. Nilimwona askofu akiweka kidole gumba kwenye paji la Kendi, na mkono wa mama yake begani, pale ulipokuwa wangu.

Nje, kwenye meza za sambusa, Gakii aliniambia maneno ambayo sitayarudia, na yote nilistahili. Njia ya mwongo ni fupi, alimalizia, ingawa yangu ilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Paroko aliniambia nije Jumanne tuanze mafundisho, na nitafute msimamizi.

Kendi akaja, paji bado linang'aa.

"Who's going to stand for you, Aunty?"

Nikamwambia sijui. Nani angekubali?

"Me. I've got mine now."

Nilitamani kuitikia tu, nimkumbatie, yaishe. Ningeweza. Lakini nikamwambia ukweli: msimamizi sharti awe ametimiza miaka kumi na sita.

Uso ulimshuka. Akahesabu kwa vidole, akavikunja, akavikunjua. Vilikuwa vinne.

"Can you wait?"

"Naweza," nikasema. "Kusubiri nimezoea."

Aliinua mkono wake wa kulia, akauweka juu ya bega langu, akauacha hapo mpaka mama yake alipomwita.