Mama Amesema Usome

Asubuhi ile Nesi alikuwa anamsalimia marehemu tena. Simu ameiegemeza kwenye kikombe, pasi mkononi, ananyoosha kola ya blauzi nyeupe huku akirekodi ujumbe wa sauti. "Mama, shikamoo. Umeamkaje? Mguu umepoa? Jana umeninyima sauti yako, nimenuna. Kesho ndiyo kesho, mama. Niombee." Akautuma, akaendelea kupiga pasi.

Nyuma yake, kwenye kitanda cha pili cha chumba kile kimoja, mwenzake alikuwa anafunga kamba za viatu. Akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Huyo kazini walimwita Pilipili, na wala hawakumsingizia. Lililomkera lilimtoka mdomoni kabla hajajua kama limemkera. Sasa, kati ya watu wote wa kwao waliohamia mji ule, zigo hili walimbwagia yeye!

Kaka wa Nesi ndiye aliyelibwaga. Alipiga simu Jumapili, Pilipili akiwa jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee, kichwa kimezama ndani ya sufuria kubwa analisugua.

"Uko peke yako, dada?" aliuliza yule kaka.

"Niko na masufuria. Kuna nini?"

"Mama ametutoka. Jana usiku, usingizini. Tumekaa kikao. Tumeona mwenzako asiambiwe mpaka atoke kwenye mtihani wa Alhamisi. Mazishi ni Ijumaa, tunawasubiri ndugu walio mbali wafike."

"Ndugu walio mbali? Mbali kuliko binti yake?"

"Usinielewe vibaya. Huu ni mtihani wake wa tatu, na huko hawatoi wa nne. Akisikia atapanda ndege, na kila kitu kitaharibika. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja. Akimaliza mkalishe, mpe maji, umwambie taratibu." Kisha akakata simu upesi, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo wake.

Na huo mtihani haukuwa mchezo. Nyumbani Nesi alikuwa muuguzi hasa, wa kusimamia wodi nzima na kugombana na madaktari wakanywea. Huku vyeti vyake walivitazama kama karatasi za kufungia karanga, wakamwambia afanye mtihani wao kwanza. Tangu hapo kazi yake ikawa kuwaogesha wazee na kubadilisha mashuka, wakati Pilipili akiwapikia supu ghorofa ya chini. Mara mbili alijaribu, mara mbili akaanguka kwa alama chache, na mara zote mbili alirudi kazini kesho yake akiwa amepaka poda.

Walikuwa wamejuana kwenye foleni ya vibali. Waligombania nafasi, wakatukanana kwa lugha yao wakidhani hakuna anayesikia, kisha wakacheka, basi. Pilipili alipoungua mkono kwa mafuta, Nesi ndiye aliyemuuguza, akimfokea kila alipombadilishia bendeji. Mtu wa namna hiyo humfichi kitu. Ukimficha, unaumwa.

Na Pilipili aliumwa kweli. Tangu Jumapili alikuwa anamalizia hasira zake jikoni. Aliyeleta viazi alitukanwa, msimamizi akajibiwa hovyo, vifuniko vikarushwa. Alimchukia yule kaka, akaichukia familia nzima iliyokaa kikao, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa kuitikia "haya" kama mtoto aliyetumwa chumvi. Akirudi chumbani anachekacheka mpaka taya zinauma, anampakulia mwenzake chakula, anauliza, "Umesoma mpaka wapi?" Mnafiki mkubwa, alijiambia akijitazama kwenye kioo.

Sasa simu ikalia kwenye kikombe. Ulikuwa ujumbe kutoka simu ya mama, na Nesi akaufungua bila kuacha pasi. Sauti ya kaka yake ikajaa chumba, imechangamka kupita kiasi.

"Mama kakusikia, mdogo wangu! Kacheka mpaka basi. Mama amesema usome, uache kudeka."

Pilipili akasimama. Kunyamaza ni jambo moja. Lakini kumtia maneno mdomoni mtu ambaye hajazikwa! Kumchekesha!

"Muongo!" akaifokea simu. "Muongo mkubwa! Hana hata haya!"

Nesi hakugeuka. "Pilipili, nenda kazini."

"Nesi, nisikilize. Mama yako..."

"Nenda kazini, nimesema!"

"Siendi! Mama yako amefariki. Amefariki Jumamosi. Wanamzika Ijumaa, na ukiondoka leo utamwahi. Basi! Nimesema!"

Nesi aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akaitundika blauzi kwenye henga. Pilipili alishamwandalia kifua aje kulilia. Nesi alipogeuka, uso ulikuwa mkavu na umekunjamana kwa ghadhabu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma! Nimeambiwa nifiche nimeshindwa!"

"Unadhani mimi mjinga? Mama yangu hajawahi kulala mchana maisha yake yote, tangu Jumapili kila nikipiga naambiwa amelala. Kaka yangu ujumbe wangu huujibu wiki ya pili. Wiki hii anajibu kabla sijaweka simu chini! Na wewe Jumapili uliingia hapa ukanipakulia chakula bila kunigombeza. Nikasema, haya, amekufa."

"Ulikuwa unajua?"

"Hakuna aliyeniambia. Mtu asiyeambiwa hana kosa, unaelewa? Nilikuwa nimebakiza leo tu. Nijitie hamnazo leo, kesho niandike mtihani wangu, halafu mniambie, nianguke, nigaegae, nilie kama watu. Sasa umeropoka! Nikienda, nimeitupa miaka yote niliyoosha mashuka hapa. Nisipoenda, mimi ndiye binti aliyekataa kumzika mama yake, tena wewe shahidi."

Pilipili alihisi damu ikimpanda. "Kwa hiyo ulikuwa unaniona ninavyosongwa na hili jambo, ukaniacha?"

"Ndiyo."

"Hukunionea huruma?"

"Nilikuonea," Nesi akasema. "Nilijionea zaidi."

Ghorofa ya juu mtu alikuwa anaburuta kiti. Pilipili alitafuta tusi la kumtosha rafiki yake, akayapitia yote anayoyajua, hakuna lililofaa. Alikuwa ameingia kwenye ugomvi huu akiwa na haki yote mkononi, na sasa hakujua haki hiyo aiweke wapi.

Nesi akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Kaka."

"Mdogo wangu! Mama ndiyo kwanza ame..."

"Kaka, acha. Nimeambiwa."

Upande wa pili mtu mzima akaanza kulia kwa kwikwi. "Tulikuwa tunakulinda," akasema.

"Mlinilinda na nani? Na mama yangu?" Sauti ya Nesi ikapasuka, akaikusanya. "Nani atamwosha?"

"Wifi yako na shangazi."

"Shangazi ana mikono mizito. Mwambie mguu wa kushoto asiuvute, aunyanyue kwa chini, taratibu. Umesikia? Asiuvute."

"Nitamwambia."

"Mimi siji, kaka."

"Sawa, sawa. Tutawaambia watu hukupata habari mapema."

"Msiwaambie hivyo. Mkinitungia uongo mwingine sitawasamehe. Waambie nilijua, nikabaki."

"Watu watasema, mdogo wangu."

"Waseme."

Akakata simu. Pilipili alikuwa bado amesimama kando ya kitanda chake, kiatu kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa.

"Mimi ningeenda," akasema. Hakuweza kujizuia. "Mtihani ungekwenda zake. Ningeenda hata kwa miguu."

"Najua. Ungeenda."

"Mama ni mmoja, Nesi."

"Unaniambia mimi?" Nesi akakaa kitandani kwa uzito, na hapo ndipo machozi yalipoanza, bila sauti, mengi, yakidondoka kwenye magoti. Pilipili akamtazama. Alikuwa na hasira naye bado, hasira ya kweli, na hasira hiyo haikumzuia kwenda kukaa kando yake, bega kwa bega. Simu yake ikalia mara mbili, jikoni kazini wanamtafuta. Akaipokea ya tatu.

"Supu leo pikeni wenyewe," akasema, akaizima.

Nesi alinyoosha mkono, akakitoa kitabu chake kinene cha mtihani chini ya mto, akamtupia mapajani.

"Niulize."

"Sasa hivi?"

"Niulize, Pilipili. Au nenda kazini."

Pilipili akakifungua kwa ghadhabu, ukurasa ukachanika pembeni. Maandishi yakawa yanachezacheza machoni, akayafuata kwa kidole. "Mtoto mchanga ameharisha," akasoma kwa sauti ya kugomba. "Taja dalili za kuishiwa maji mwilini."

"Kinywa kukauka. Mkojo kupungua. Utosi kubonyea." Nesi akajipangusa mashavu kwa kiganja, yakalowa tena papo hapo. "Macho kuingia ndani."

"Imebaki moja."

"Najua kama imebaki moja."

"Basi itaje!"

"Kulia bila machozi," Nesi akasema. "Haya, lingine."