Mwanamke Aliyepigishwa Magoti

Karatasi ya kwanza ilipobanduliwa kwenye jiwe bapa la chapa lililochorwa picha, wino wake ungali mbichi, Hermelinda Tepale alijiona amepiga magoti.

Uso ulikuwa wake, hadi kovu la kidevuni. Lakini shingoni alikuwa amevishwa nira, mikono imefungwa minyororo, na mgongoni umeota mmea wa mahindi uliozaa vichwa vya watoto. Maestro Quiroga, mchoraji aliyezijaza kuta za serikali picha za wakulima na bunduki zao, alisimama kando akingoja kusifiwa.

"Hiyo ndiyo Meksiko," akasema. "Kesho inabandikwa mji mzima."

"Mimi nilisimama hapa, Maestro, mpaka visigino vikawaka moto. Nani kanipigisha magoti?"

"Ni ishara tu, mama. Watu wakuonee huruma."

Huruma! Damu ilimchemka. Wanawake wa kinu cha mahindi walikuwa wamegoma tangu Pasaka, yeye akiwa mbele, na mwenye kinu alikuwa ametoa sharti moja: anayetaka kazi yake aje uani, apige magoti mbele ya sanamu ya Bikira, aombe radhi. Wawili walikwenda. Waliobaki walimtazama Hermelinda kila asubuhi, waone kama naye atalegea. Sasa picha hii ndiyo ingewajibu, tena kwa uso wake mwenyewe.

"Ichore upya."

"Upya? Mwezi huu nimekaa na jiwe hili zaidi kuliko nilivyokaa na mke wangu!"

"Basi kampigishe magoti mkeo."

Don Plácido, mpiga chapa, aliinamia rola yake kuficha kicheko. Maestro hakucheka. Alimwamuru atie wino, nakala ziendelee.

Hermelinda alikuwa amemwona don Plácido akifuta mawe ya zamani: mchanga, maji, kisha jiwe dogo juu ya kubwa, kuzungusha na kuzungusha hadi mchoro uishe. Hakuomba ruhusa. Alichota mchanga kwa mikono miwili, akaumwaga juu ya uso wake mwenyewe pale jiweni, akatia maji, akalilalia jiwe dogo kwa mabega yaliyosaga mahindi tangu utotoni.

"Mzuie, Plácido! Ana wazimu huyu!"

"Ana nguvu kunishinda, Maestro," alijibu don Plácido, wala hakusogea.

Nira ikaenda. Magoti yakaenda. Ilipofika zamu ya uso alilia kidogo, kwa hasira, maana ulikuwa umechorwa vizuri kweli. Hakuacha kusaga.

Maestro alijibwaga kwenye kiti. "Umeniua," akasema.

"Hujafa. Kalamu yako hiyo hapo."

Don Plácido alilisuuza jiwe, akalikausha, akalirudisha mezani bila kuagizwa na mtu. Hermelinda akasimama ukutani, mikono kiunoni, kidevu juu. Maestro akaitwaa kalamu ya mafuta kama mtu anayetaka ugomvi, akaanza na miguu.

Jua lilihama dirisha hadi dirisha. Hakuna aliyekula.

"Magoti yanakutetemeka," Maestro akanung'unika. "Kaa kidogo, mama. Nitayakumbuka yalivyo."

"Ulishayakumbuka vibaya mara moja. Sikai. Chora na kutetemeka kwake."

Akachora.