Maji ya Pasaka kwenye Rejeta

Kikao cha ukoo kilichokaa kugawa vitu vya marehemu Rosemary kilimalizana haraka na vitenge, masufuria na cherehani. Kilipofika kwenye gari kikakwama, chai ikaletwa mara mbili. Lilikuwa gari jekundu la michezo, milango miwili, limekaa chini hivi kwamba kuku wa mtaa wao wa Mfaranyaki walilipanda bila kupiga bawa. Rosemary ndiye aliyekuwa akilikimbiza. Wasiomjua watasema ni uongo, lakini mama yule aliondoka Songea mjini na kikombe cha chai ya moto mkononi, akafika Peramiho chai haijapata nafasi ya kupoa.

Anselmo, kaka wa marehemu, aliitaka injini.

"Nikiifunga kwenye mashine yangu ya kusaga," alisema, "mahindi yatakuwa unga kwa woga tu, kabla hayajaguswa."

Mume wa marehemu, Egidi, fundi magari kwa miaka thelathini, alisikiliza kama mgeni aliyepita njia. Tangu mazishi ya mwezi Mei kila kitu alikisikia hivyo. Haukuwa uchungu, uchungu angeutambua. Ilikuwa kama mguu uliolaliwa usiku kucha: unaubonyeza, unajua ni wako, basi. Binti yake Violeth ndiye aliyebishana mpaka sauti ikakauka, na mwisho wazee wakatoa hukumu. Jumamosi ya kwanza ya Agosti madereva wangekutana Mshangano kuzungusha magari kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo, kama kila mwaka. Violeth aendeshe mizunguko kumi, idadi aliyokuwa akimaliza mama yake. Egidi alitunze gari lisichemshe. Likimaliza, ni la Violeth. Likishindwa njiani, injini iende ikasage mahindi.

"Kumi," alisema Bibi Kunegunda, mama wa marehemu, akifunga kikao. "Sitaki kusikia tisa."

Ijumaa Egidi alifanya kazi yote kama mikono ilivyozoea. Alipuliza rejeta kutoka nyuma kwenda mbele, mbegu za nyasi na vumbi jekundu vikatoka. Alibana makaratasi magumu pembeni ili upepo usipate njia ya kukwepa, upite katikati ya rejeta upende usipende. Akamwaga kulanti iliyochakaa, yale maji ya kijani ya kupoza injini, akasuuza, kisha akaenda koridoni kuchukua galoni jipya.

Koridoni kulikuwa na magaloni mawili ya kulanti, mapacha. Moja lilibandikwa msalaba mdogo wa plasta. Egidi aliuona ule msalaba. Macho yaliuona, akili haikujisumbua kuuliza. Akamimina. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama maji ya kunywa, na hilo nalo aliliona, akafunga kizibo, akanawa.

Jumamosi watu walijaa Mshangano. Walimu, wafanyabiashara, watumishi waliohamia juzi kutoka mikoa mingine, wote wamefunika pua kwa leso. Violeth aliingia kiwanjani na magari mengine manne. Mizunguko minne ya kwanza alikwenda vizuri mno. Mzee mmoja aliapa kwamba kivuli cha gari kilikuwa kinachelewa nyuma, kinafika kikihema.

Mzunguko wa tano, Bibi Kunegunda alimjia Egidi akiwa amekumbatia galoni.

"Mkwe."

"Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimebeba maji yangu ya Pasaka nilinyunyizie gari baraka. Nimeyafungua hapa, yamekuwa ya kijani."

Egidi alitazama ndani ya galoni. Kulanti safi, mpya, haijaguswa.

"Haya ni ya gari, Mama."

"Na yangu yako wapi?"

Aliyajua yalipo. Kila mkesha wa Pasaka bibi huyu alitafuta galoni tupu gereji kwa Egidi, akaliosha kwa sabuni mara tatu, akalipeleka kanisani likabarikiwe pamoja na ndoo za wenzake. Hawezi kutumia dumu la mafuta ya kupikia, anasema linanuka dhambi ya maandazi.

"Yako kwenye rejeta," Egidi alisema.

Anselmo, aliyesimama karibu, alicheka mpaka akajishika magoti. "Shemeji, umelibatiza. Sasa likifa linakwenda moja kwa moja, halipiti kwa hakimu."

"Nyamaza wewe," mama yake alimwambia. Akamgeukia Egidi. "Kuna ubaya?"

"Maji matupu yanachemka mapema, Mama. Kwa mwendo huu hayafiki kumi."

Alilisema kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. Alingoja moyo uruke, haukuruka. Mzunguko wa saba Violeth alipita amewasha taa za mbele, ishara ya nyumbani kwao kwamba mshale wa joto unapanda. Egidi akatembea hadi kwenye kamba. Gari lilipokuja tena alijikumbatia na kujisugua mabega kama mtu aliyeshikwa na baridi ya Juni: washa hita, yote, uvute joto la injini uingie ndani kwako. Kisha akasukuma hewa kwa viganja: kaa mbali na gari la mbele, usile moshi wake, pata upepo wako.

Violeth alielewa. Aliachia mafuta, akapanda gia mapema, magari yote yakampita. Mzunguko wa tisa alikwenda kwa mwendo wa harusi. Bodaboda nje ya kamba ilimpita, abiria akampungia mkono. Wa kumi ulichukua muda mrefu hivi kwamba, wanasema, mwuza miwa alimaliza kuuza na kurudi shambani kukata mingine.

Lakini alivuka. Mvuke mwembamba ulitoka pembeni mwa boneti, injini ikiunguruma. Violeth alishuka ameloa jasho kama aliyevuka mto.

"Usizime," Egidi alimwambia. "Liache lipumue kwanza."

"Mingapi?" Bibi Kunegunda aliuliza.

"Kumi, Bibi."

"Anselmo, umesikia?"

"Nimesikia, Mama," Anselmo alisema. "Nitaendelea kusaga kwa dizeli."

Hapo Violeth alitaka maji yamwagwe papo hapo, kulanti iwekwe. Bibi akamzuia. Maji ya baraka hayamwagwi wanapokanyaga watu. Yana mahali pake. Alifikiri kidogo, akapataja, na mkwe habishani na mama mkwe.

Wakaenda makaburini polepole, hita ikiwaka, madirisha wazi. Egidi hakuwa amefika pale tangu Mei. Aliegesha karibu na kaburi la mkewe, akazima, akafungua boneti.

"Fungua basi," alisema bibi.

"Kizibo hakifunguliwi kikiwa cha moto, Mama. Kitamchoma mtu uso. Lazima kipoe."

Wakakaa kwenye nyasi. Violeth alilala usingizi. Bibi alitoa rozari, akaimaliza, akaanza tena. Egidi alitazama udongo uliokwisha kudidimia katikati, akapima kwa jicho toroli ngapi zingehitajika kuujazia. Tatu.

"Bado?" bibi aliuliza.

Egidi alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya rejeta. Ilikuwa baridi, na pengine ilikuwa imepoa kitambo.

"Bado, Mama," akasema, akarudi kukaa, safari hii karibu zaidi na kaburi.