Kiti cha Kushoto

Mke wangu Dinah, mama wa binti yetu Gakii, aliapa mwezi wa Mei, kando ya M25, barabara kuu inayozunguka London, mkoba kifuani, kwamba hatapanda tena gari yangu. Aliita teksi akarudi nyumbani Croydon, mimi nikabaki nangoja gari ya kunivuta. Shida ni kwamba Agosti tulikuwa tunatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa, na nilikuwa nimemwahidi tutaenda Scotland na gari hiyo hiyo. Kwa hivyo nilienda gereji kuokoa ndoa kwa spana. Chekeni tu.

Gari yenyewe ni Mustang ya 1968, ya bluu, injini V8. Nikienda kununua maziwa mtaa mzima unajua. Lakini gia zake za otomatiki, tatu tu, zilikuwa zimechoka kwa uzee. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari inakaa inafikiria kwanza. Siku ya M25 iliacha hata kufikiria.

Fundi wangu ni Jaspal, Singasinga wa Nakuru, ana gereji hapa London, mtaa wa Kenton, nyuma ya duka la mboga. Alishaing'oa ile giaboksi nilipofika.

“Hii tumezika,” akasema. “Sasa tuweke gia za mkono. Ziko aina tatu. Kuna ya gia nne, ya zamani. Wazee wa maonyesho wataipenda, lakini ukiingia barabara kuu injini italia mpaka Mama Gakii hakusikii.”

“Hilo si lazima liwe baya.”

“Nyamaza. Kuna ya kisasa ya gia tano. Ukifika ya tano injini inatulia, na inaingia bila kukata sakafu. Halafu kuna ya gia sita. Hiyo ina nguvu, lakini kubwa. Lazima nikate hili tuta la katikati ya viti, nijenge lingine pana.”

“Weka ya sita.”

“Kwa nini?”

“Sita ni nyingi kuliko tano.”

Jaspal akavua miwani. “Linus bwana, diploma yako ilikuwa ya nini?”

“Upimaji ardhi.”

“Basi kaa ndani tupime.”

Huo ndio mtindo wake. Hakuwekei giaboksi kabla hajakukalisha garini na mwiko wa ugali. Anausimamisha mwiko pale kijiti cha gia kitakapotokea, unafumba macho, unanyoosha mkono. Ukiushika bila kupapasa, anachora alama ya chaki. Mimi nilishika goti langu kwanza, halafu goti la Jaspal. Alama ya gia tano na ya gia sita zote nikazifikia mwishowe.

“Na abiria wa pembeni?” akauliza. “Tuta likiwa pana litambana miguu. Mlete Mama Gakii apimwe.”

“Ameapa hapandi.”

“Gari haina giaboksi, itaenda wapi? Hiyo si kupanda. Hiyo ni kukaa.”

Nilimwambia Dinah maneno hayo hayo, akajizuia kucheka akashindwa. Jumamosi, akitoka zamu hospitalini, tukapanda treni mpaka Kenton. Alifika na chupa ya chai, akamsalimia Jaspal, akafungua mlango wa kushoto, akakaa.

Sasa, Mustang ni gari ya Marekani. Usukani uko kushoto. Dinah amekuwa abiria wa kushoto tangu Meru hadi London, na kila mara alikuwa anafungua mlango huo, anaona usukani, anafyonza, anazunguka. Siku hiyo hakufyonza. Alikuwa amechoka, akatulia pale pale.

“Mama Gakii, kiti chako ni kile cha pili.”

“Ngoja kwanza.” Mguu wake ulikuwa umegusa pedali mpya ambayo Jaspal alikuwa ameshaifunga. Akaikanyaga. “Hii ni klachi?”

“Ndiyo,” Jaspal akasema. “Nikiijaza mafuta yake itakuwa laini kabisa.”

“Mimi nilijifunza na Land Rover ya zahanati, pale Nkubu. Klachi yake ilikuwa kama kusukuma ng'ombe.” Akafumba macho bila kuambiwa, akanyoosha mkono wa kulia, akaushika mwiko moja kwa moja. Jaspal alikuwa ameusimamisha kwenye alama ya gia tano. Akausogeza kwenye alama ya gia sita. Mkono wa Dinah ukapapasa hewa.

“Baba Gakii,” akasema, macho bado kayafumba, “unajua kwa nini niliapa?”

“Kelele. Na kuharibika.”

“Kelele? Na vile wewe unakoroma? Ni kile kiti cha kulia. Nakaa katikati ya barabara, malori yananijia usoni, sina usukani, sina breki. Ukitaka kupita mtu, mimi ndiye nachungulia nakwambia nenda, subiri. Umenifanya taniboi wa lori! Na siku ile nilisema subiri mara nne. Ulienda mara nne.”

Jaspal aliinua macho akaanza kukagua dari ya gereji kwa makini sana.

Mimi hujivunia macho yangu. Naona ukuta uliopinda sentimita moja. Lakini mtu aliyekaa karibu nami, akishikilia mlango kwa mikono miwili, sikuwa nimemwona.

“Kwa hivyo Scotland huendi?”

“Naenda. Na kiti hiki.”

Ufunguo wa gari ile sikuwa nimewahi kumpa mtu. Hata Jaspal huwa namsimamia.

“Weka ya tano,” nikasema.

“Si sita ni nyingi kuliko tano?”

“Mkono wa dereva haufiki.”

Agosti tulikuwa kaskazini mwa Scotland, barabara nyembamba, mbele yetu karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, inatambaa. Kwa giaboksi ile mpya injini ilikuwa imetulia mpaka tunasikizana bila kupiga kelele. Nilikuwa kulia, shingo nje ya dirisha kama kuku.

“Niende?” Dinah akauliza.

Lori la magogo likatokea kwenye kona, kubwa kama kanisa. Mguu wangu ukakanyaga sakafu ukitafuta breki.

“Subiri!”

Akasubiri. Lori likapita, upepo wake ukaniondolea kofia.

“Na sasa?”

Nikachungulia tena, mara mbili. “Sasa nenda, dereva.”