Tone la Insulini kwenye Chuma

Abdul-Latif, mfua sigiri za mkaa wa Katwe, alikuwa na hofu moja tu duniani: kukatwa mguu. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao mwaka wa tisa, na miaka yote hiyo alitembea kwa miguu yake miwili. Kaka yake Abubaker naye alitembea, mpaka alipoanza sindano za insulini mwezi wa Ramadhani. Idi ya kuchinja ikamkuta kwenye magongo, mguu mmoja umekatwa. Sasa mtu mwenye macho aseme nini?

Zamu yake ya kuandikiwa insulini ilipofika, sista Akullo wa kliniki alimweleza bila haraka. "Mzee, sukari mingi ndio naharibu mishipa ya damu. Ile kidogo-kidogo ya miguu naanza kufa. Dawa nashusha sukari, nalinda ile imebaki. Kaka yako alikuja nyuma sana, mguu ilikuwa imeshakufa." Halafu akamgusa unyayo kwa kijiti chenye pamba, akamwuliza kama anahisi. Abdul-Latif aliona haya kushikwa mguu na mwanamke wa watu. Akajibu ndiyo, ndiyo, ili yaishe.

Alijichoma sindano siku nne, roho juu. Lakini fundi haamini maneno, anaamini chuma. Alisugua kipande cha chuma kikang'aa, akadondoshea insulini ya chupa yake, akakiacha hadi kesho yake. Doa la kutu likawa limekaa palepale.

"Safinah, kuja uone!" akamwita mkewe. "Kama dawa nakula chuma, mishipa yangu je?"

"Baba Shamirah, wewe si bomba," Safinah akajibu, ila hata yeye alilitazama lile doa mara mbili. Abdul-Latif akaacha sindano.

Wiki mbili zikapita. Odero, Mkenya waliyepanga naye kibanda cha kazi, alipoonyeshwa kile chuma alicheka mpaka akakaa chini. Akadondosha maji ya kunywa kwenye kipande kingine. Kesho yake, kutu ileile.

"Haya, na maji uache kunywa," Odero akasema.

Hapo Abdul-Latif akachanganyikiwa kabisa. Kumbe chuma hakikuwa kimemwambia kitu! Lakini mguu wa Abubaker je? Aligonga chuma cha moto kwa nyundo huku akiwaza, akasikia harufu ya kuungua.

"Odero, unachoma nini?"

"Mguu wako, jamani!"

Kipande chekundu cha chuma kilikuwa kimetua juu ya kidole gumba cha mguu wake, kinafuka moshi. Yeye hakuhisi kitu. Safinah akaitwa, wakaenda kliniki.

Kliniki, Akullo alipomaliza kuosha kidonda, Abdul-Latif alitazama sakafu. "Sista, nilikudanganya. Ile siku ya kwanza sikuhisi kijiti."

"Hata kabla ya sindano ya kwanza?"

"Hata kabla."

"Sasa nani aliua mguu?"

Kwa mara ya kwanza hakulitafuta jibu kwa Abubaker.

"Funga macho. Nikigusa, sema."

Alifumba, safari hii bila haya. Akangoja. Akangoja tena.

"Anza basi, sista."

Safinah, aliyekuwa akikiona kijiti kikitoka vidoleni na kufika kisigino, alijiziba mdomo kwa leso. Mumewe akasikia kilio chake, akaelewa. Akamnyooshea mkono, macho bado yamefumbwa.

"Chupa ya insulini iko wapi?"