Mtego wa Fundi Saa

Fundi saa hakumwamini mtu, na tabia hiyo ilimlisha miaka thelathini. Akitaka kumjua fundi mwenzake, alimpelekea saa nzima, isiyo na kasoro hata chembe, kisha akasubiri. Akiambiwa "mzee, mashine ya hii imekufa," basi, tapeli amejiuza mwenyewe.

Sasa alikuwa kitandani wodini, nguo ya hospitali imemwacha mgongo wazi, akikitazama kikombe cha plastiki mkononi mwa muuguzi.

"Mkojo tena? Asubuhi si nimekupa?"

"Ule ulikuwa wa kabla ya picha, baba. Sasa umeshachomwa ile dawa ya rangi, inayofanya mishipa ya moyo ionekane. Nawe una sukari ya miaka mingi. Dawa hiyo inaweza kukuumiza figo. Damu huchelewa kusema, siku mbili nzima. Mkojo unasema leo leo."

"Na ukisema zimeumia?"

"Hutoki. Tunakutundikia maji, tunasimamisha baadhi ya dawa zako, tunaziwahi figo kabla hazijaharibika."

Hutoki! Fundi alilidaka neno hilo kama paka na panya. Ndiyo lugha ya matapeli wote: saa ikishaingia dukani, hairudi.

Muuguzi alipomwachia kikombe na kutoka, fundi akamgeukia shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuja kumjulia hali na, kama kawaida, kujisifu. Tangu azaliwe hajaugua hata mafua, na ole wako kama hujawahi kuambiwa.

"Shem, nenda msalani ukanijazie hiki."

"Umerukwa na akili? Nijaze mimi, upimwe wewe?"

"Wewe ndiye saa nzima. Wakisema mbovu, tumewanasa."

Shemeji alicheka mpaka akashika goti. Kisha akaenda akichechemea kidogo. Sifa kama hiyo nani angeikataa?

Yakapita masaa manne. Muuguzi akarudi mbio na dripu.

"Baba, kipimo kimepanda mno. Figo zinaumia. Daktari amesema leo hulali nyumbani."

Fundi akapiga makofi. "Waongo nyie! Mkojo huo ni wa huyu hapa, mtu asiyejua hata ladha ya kidonge!"

Muuguzi hakubabaika. Akamtazama shemeji. Shemeji akaitazama sakafu.

"Kaka, unakunywa dawa gani?"

"Mimi? Sinywi dawa. Ni vile vya goti tu, vya maumivu."

"Vingapi?"

"Viwili asubuhi, viwili jioni." Akalipapasa goti. "Na viwili lifti ya kazini ikiharibika. Tangu mwaka jana."

"Dada yako anajua?" fundi akauliza.

"Wewe ungemwambia?"

Muuguzi akamwandikia shemeji karatasi ya kumwona daktari siku hiyo hiyo, akamwonya asiguse tena hivyo vidonge. Kisha akatoa kikombe kipya, akakiweka mapajani mwa fundi.

Hapo ndipo fundi alipopiga hesabu. Saa nzima ilikuwa mbovu kweli, na wapimaji walisema kweli. Je, figo zake mwenyewe, alizozifumba mdomo, zilikuwa zikisema nini muda wote huo?

"Sista... tumepoteza masaa mangapi?"

"Manne, baba. Fundi saa ni wewe au mimi?"

Akakinyakua kikombe, akatimua mbio msalani, mgongo wazi, hata asikumbuke kuishika nguo kwa nyuma.